Klabu ya huduma hupimwa kwa safari ya pili

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni msichana wa miaka 24, nauza nguo za mtumba Busia, upande wa Uganda. Tuko vijana 17, na kila mwisho wa mwezi tunazibua mitaro ya mtaa wetu. Wiki mbili zilizopita watu wa klabu ya Rotary walipita wakatukuta kazini. Walisema tunaweza kuwa klabu ya Rotaract chini yao. Wenzangu wamefurahi, mimi nina wasiwasi. Watu wanasema hizo ni klabu za matajiri, wanakuja kupiga picha na kuondoka. Mama naye ananiuliza nitakula nini huko. Je, tuingie? Na tukiingia, tufanye kazi gani itakayowasaidia watu kweli?"

Marahaba binti yangu. Swali la mama nitalijibu mwishoni kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Kwanza niseme ninapotoka: nilikuwa afisa maendeleo ya jamii katika wilaya za mashariki kwa miaka 19, na nimekuwa mwanachama wa Rotary kwa miaka 21. Katika muda huo nimelea klabu tano za vijana. Tatu ziko hai hadi leo. Mbili zilikufa kabla ya kutimiza miaka miwili, na mengi nitakayokuambia nimeyajua kutokana na hizo mbili.

Tuanze na utajiri. Rotary, huo mtandao wa klabu za huduma ulioenea duniani, ilianza Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshonaji wa nguo. Walikuwa wakikutana kwa zamu katika ofisi ya huyu na ya yule, na jina lenyewe likatokana na zamu hiyo. Klabu ya Kampala ilianzishwa mwaka 1957. Kwa hiyo tangu mwanzo zilikuwa klabu za watu wenye kazi na biashara zao, na hadi mwaka 1989 kanuni hazikuwaruhusu wanawake kuwa wanachama. Hata sasa klabu nyingi za Uganda hukutana kila wiki hotelini, na mama anayeuza samaki Majanji hawezi kulipia chai ya hoteli mara nne kwa mwezi. Wanaosema ni klabu za wenye nacho hawakuzua. Wameona kwa macho yao.

Lakini Rotaract ni mlango mwingine. Ilianza mwaka 1968 kwa ajili ya vijana wa kuanzia miaka 18. Zamani mtu akifikisha miaka 30 alitakiwa kuondoka, ila mpaka huo uliondolewa mwaka 2020. Ada inayokwenda makao makuu, tangu Julai 2022, ni dola 8 kwa mwaka kwa kila mwanachama wa klabu ya mtaani, na dola 5 kwa klabu ya chuo kikuu. Dola 8 si kitu kidogo kwa kijana anayesukuma mkokoteni mpakani, lakini zikigawanywa kwa miezi 12 zinawezekana. Mahali pa kukutana mnachagua wenyewe. Moja ya zile klabu zangu tatu zilizo hai inakutana katika darasa la shule ya msingi kila Jumapili ya pili, na kila mtu huja na maji yake ya kunywa. Haijawahi kukanyaga hoteli.

Umeandika neno moja ambalo nataka ulirekebishe mapema: "chini yao". Rotaract sasa ni sehemu kamili ya Rotary, na tangu mwaka 2020 klabu ya vijana inaweza hata kuanza bila klabu ya Rotary kuidhamini. Klabu ikiwalea, iwe kama mjomba na wapwa: inawashauri, inawafungulia milango ya ofisi ambazo nyinyi mngekalishwa kwenye benchi hadi jioni, inawafundisha kuandika bajeti. Kazi mnaichagua nyinyi. Wakija na orodha ya kazi tayari wamewachagulia, pamoja na tarehe na rangi ya fulana, waambieni kwa adabu kwamba mnaomba kwanza mkae wenyewe. Klabu njema haitakasirika.

Wapo Waganda waliouonyesha ulimwengu kwamba jambo hili linaweza kuwa letu. Sam Owori alijiunga na klabu ya Kampala mwaka 1978, na katika miaka yake klabu za nchi hii zilipanda kutoka chache za kuhesabika vidoleni hadi zaidi ya 80. Alichaguliwa kuwa rais wa Rotary ya dunia nzima kwa mwaka wa 2018 hadi 2019. Alifariki tarehe 13 Julai 2017, kabla ya kushika kiti. Wengi wetu tulilia siku ile. Namtaja ili wenzako wajue kwamba wanaingia katika nyumba ambayo Mganda alishaaminiwa funguo zake.

Sasa la picha. Hapa nina kisa, na nitakusimulia chote.

Miaka mingi imepita tangu klabu moja ichimbe kisima kirefu katika kijiji kimoja upande wa Tororo. Kiliwekwa pampu ya mkono, ile ambayo kila mtu Uganda anaiita U2. Nilikuwepo siku ya kukabidhi. Mahema yalifungwa, ngoma zikapigwa, watoto wakaimba, bango kubwa likashikwa mbele ya pampu na picha zikapigwa. Miezi minane baadaye nilipita pale kwa shughuli nyingine. Nikakuta wanawake wenye madumu wanaipita pampu ile ile wakielekea kwenye kinamasi. Niliuliza kulikoni. Maji yalikuwa yamegeuka mekundu kwa kutu ya mabomba ya chuma. Chai ilikuwa inakuwa nyeusi, nguo nyeupe za shule zilikuwa zinachafuka, halafu siku moja mnyororo wa mkono wa pampu ukakatika, basi. Fundi wa pampu wa tarafa alikuwa anaishi kilomita sita kutoka pale, lakini hakuna aliyejua namba yake. Nilitafuta kamati ya watumiaji maji, maana katika ripoti ilikuwepo, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja aliyeandikwa kwa jina. Nilipomfikia yule mama nyumbani kwake, mimi ndiye niliyempa habari kwamba yeye ni mwenyekiti.

Kuna bibi kizee pale aliyenishika mkono akaniambia kwamba siku wapimaji walipokuja, aliwaeleza kuwa kisima cha kijiji jirani kilitoa maji mekundu, wasiweke mabomba ya chuma. Walimsikiliza kwa heshima. Hawakuandika. Na matengenezo yote ya kurudisha maji siku zile yangegharimu pungufu ya yale mahema na soda.

Tulirudi. Safari hii bila bango. Tulikaa na kijiji mara tatu kabla ya kugusa spana. Kamati ikachaguliwa upya hadharani, kila nyumba ikakubali shilingi 1,000 kwa mwezi, mabomba yakabadilishwa yakawekwa yasiyoshika kutu, na namba ya fundi ikapakwa rangi kwenye ukuta wa kanisa na wa msikiti. Pampu ile inatoa maji hadi leo. Imeharibika mara kadhaa, wakaitengeneza wenyewe.

Tangu hapo nikiulizwa klabu fulani ni nzuri au mbaya, mimi huuliza kitu kimoja tu: walirudi? Safari ya kwanza ni rahisi. Ina furaha yake, ina wageni, kila mtu anaitaka. Safari ya pili ndiyo yenye aibu, kwa sababu unakwenda kutazama kilichoharibika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Klabu isiyofika siku ya tatu haikuwahi kupewa jembe, ilikula ikaaga.

Na ukiangalia kazi kubwa ambazo klabu hizi zimefanya kweli, zote ni za kurudi. Rotary iliingia katika vita dhidi ya polio mwaka 1985. Bara la Afrika lilitangazwa kuwa huru na virusi vya polio vya asili tarehe 25 Agosti 2020. Ni miaka 35 ya kugonga mlango ule ule, kwa sababu watoto huzaliwa kila siku, na tone moja mara moja halitoshi. Wewe uko mpakani, umewaona wale wa VHT, wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, wakipita nyumba kwa nyumba na wino wa kupaka kidole cha mtoto. Mtoto aliyelala Busia ya Kenya usiku wa jana anaweza kuamkia Sofia, upande wenu wa Uganda, leo. Huko mpakani kurudi ndiyo kazi yenyewe. Au chukua zile mbio za saratani za Rotary ambazo zimekuwa zikifanyika Uganda tangu mwaka 2012 kuchangia matibabu ya saratani katika hospitali ya Nsambya. Mwaka wa kwanza peke yake haungejenga kitu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza mnaanza lini, usijibu mpaka pia umeweka tarehe ya kurudi.

Sasa kazi gani. Nitaanza na ile ninayoipenda zaidi, na nitakaa hapo kidogo.

Damu. Katika nchi yetu damu haiuzwi, inatolewa na watu wanaojitolea, na sehemu kubwa ya watoaji ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Fikiria maana yake. Shule zikifungwa, benki za damu zinapungukiwa. Na shule hufungwa Mei, mwisho wa Agosti, na muda mrefu kuanzia Desemba. Wakati huo huo mvua za masika na za vuli huacha mbu, malaria inapanda, na watoto wadogo wanaletwa hospitali damu imekwisha mwilini, viganja vyeupe kama unga. Akina mama nao wanajifungua likizo kama siku nyingine, na anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hawezi kungoja shule zifunguliwe. Damu haiwezi pia kuwekwa akiba ya mwaka mzima. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu kama wiki tano hivi, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku tano tu. Damu nyingi ya mwezi Oktoba haimwokoi mtoto wa Januari.

Klabu nyingi huendesha zoezi la damu shuleni katikati ya muhula, kwa sababu ndipo watu wengi walipo na foleni hujaa. Nawaheshimu, lakini wanachota mahali ambapo hata bila wao pangechotwa. Nyinyi mko sokoni. Mnajua madereva wa malori wanaongoja karatasi zao, wabeba mizigo, waendesha boda-boda, wachuuzi. Hao hawaendi likizo. Nendeni benki ya damu ya kanda iliyoko Mbale, ombeni timu ije Busia wiki ya pili ya Januari, na wiki nyingine mwishoni mwa Agosti. Kazi yenu itakuwa kuandaa watu. Damu yenyewe waachieni wataalamu.

Na kuandaa watu kuna undani wake. Mtoaji awe na miaka 17 au zaidi, mwenye afya, amekula na kunywa maji vizuri asubuhi. Kila chupa ni karibu mililita 450. Mwanaume hurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Damu yote hupimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na hapa ndipo vijana wengi hukimbia. Msiwadanganye kwamba haipimwi. Waelezeni kwamba majibu ni siri ya mtu na wahudumu, na ushauri hutolewa. Wengine watakuambia damu inakwenda kuuzwa Kenya, au inatumika kwa uchawi. Usicheke. Mpeleke mmoja wao, anayeaminiwa kijiweni, hadi hospitali ya Masafu, aongee na mhudumu wa wodi ya watoto, aone mwenyewe damu inakokwenda. Akirudi atasema kwa kinywa chake, na maneno yake yatazidi mabango yenu kumi.

Halafu tunza daftari. Jina, simu, kundi la damu, tarehe aliyotoa. Baada ya miezi mitatu au minne mpigie mtu wako. Daftari hilo likifikisha watu 60 wanaorudi, mtakuwa mmefanya jambo ambalo klabu kubwa kuliko yenu hazijalifanya. Lifungiwe kabatini, lisiachwe mezani, maana ni habari za watu.

Kazi ya pili mnaifanya tayari, ile ya mitaro. Niruhusu nikukosoe kwa upendo. Nimeona mitaro mingi ikizibuliwa na vijana wenye moyo, na tope likaachwa ukingoni pamoja na buveera zote, ile mifuko ya plastiki. Mvua ya kwanza inalirudisha ndani. Mwisho wa mwezi mnazibua tope lile lile. Je, ndivyo ilivyo kwenu? Kama ndivyo, msichimbe tena hadi mmekwenda ofisi ya manispaa na kupanga siku ambayo lori la takataka litakuwepo asubuhi hiyo hiyo. Mpitie kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni duka gani linasukumia taka mtaroni usiku. Hiyo ndiyo kazi ngumu: kwenda kuongea na mwenye duka. Beleshi haliongei naye.

Na msiogope kuiita kazi hii kwa jina lake la zamani. Watu wa Buganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji: ngoma inalia, kila nyumba inatoa mtu, barabara inafyekwa, chemchemi inasafishwa. Hakuna aliyepiga picha wala aliyengoja mfadhili, na asiyetokea alijulikana. Sisi wa mashariki tulikuwa na yetu, kila kabila kwa jina lake. Mzee wa mtaa akisikia "Rotaract" anaweza kudhani ni kampuni. Akisikia bulungi bwansi atanyanyuka kutafuta jembe. Anzeni na analolijua.

Miti nitaipitia haraka. Kama mtapanda, pandeni mvua zinapoanza, Machi au Septemba, msingoje sherehe ya mtu mkubwa ya mwezi Julai. Pandeni michache mnayoweza kuizungushia miiba, kwa sababu mbuzi hasomi bango. Mvule ni mti wetu, lakini mwenye shamba ataulinda mwembe au mfenesi kwa bidii zaidi, kwa kuwa unamlipa mapema. Mwaka mmoja baadaye hesabuni iliyo hai na mtangaze idadi hiyo, hata ikiwa ni aibu.

Pedi za wasichana shuleni ni kazi nzuri ambayo huharibiwa na haraka. Klabu inaleta katoni, inagawa, inapiga picha ya wasichana wameshika pedi juu. Mwezi wa tatu katoni imekwisha, na picha bado inazunguka kwenye simu za wavulana wa shule ile. Mimi nililiona hili na lilinichoma. Kama mtafanya, fanyeni na mwalimu wa kike anayeaminiwa, wafundisheni wasichana na wavulana pia kushona pedi za kufuliwa, na kabla ya uzi na kitambaa ulizeni mambo matatu: maji yapo? sabuni ipo? kuna mahali pa kuanika juani bila kuonekana? Pedi ya kitambaa ikianikwa chini ya godoro kwa aibu haikauki vizuri, na hiyo inamletea msichana maradhi. Pengine mtagundua kwamba shule ile inahitaji komeo la mlango wa choo kuliko inavyohitaji katoni. Basi wekeni komeo. Linagharimu shilingi chache na hakuna atakayewaandika gazetini, lakini msichana atabaki darasani.

Ukiingia shuleni utakutana na Interact, ambayo ni ya wanafunzi wa miaka 12 hadi 18. Hao watakuwa wadogo zenu. Kanuni yao inawataka wafanye angalau kazi mbili kubwa kwa mwaka: moja ya kuisaidia shule au jamii yao, nyingine ya kuelewana na watu wa mataifa mengine. Kwa nyinyi hiyo ya pili ni rahisi kuliko kwa shule yoyote ya Kampala, taifa jingine mnalivukia kwa miguu. Lakini sikiliza neno langu hapa, na silisemi kwa mchezo. Watoto wasichukuliwe kazini bila barua ya mzazi. Wasiwe na mtu mzima mmoja peke yake, wawe wawili daima. Warudi nyumbani kabla ya giza. Picha ya uso wa mtoto anayepokea msaada isipigwe. Klabu yenu ikivunja hili mara moja tu, imekwisha, na inastahili kwisha.

Fedha. Zile klabu zangu mbili zilikufa kwa fedha, na hakuna aliyeiba. Katika moja, mweka hazina alikuwa anaweka michango kwenye simu yake mwenyewe, pamoja na fedha zake. Mama yake akaugua, akatumia, akakusudia kurudisha. Alikuwa kijana mwaminifu na hadi leo ananisalimia akitazama chini. Kosa lilikuwa letu sisi walezi tuliomwachia mtu mmoja mzigo huo. Wekeni laini ya simu ya klabu, namba ya siri ijulikane na mmoja na simu ikae kwa mwingine. Kila mkutano ufunguliwe kwa kusoma kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, hata kama ni shilingi 3,000. Risiti zibandikwe kwenye daftari. Mpeni afisa maendeleo ya jamii wa manispaa nakala kila baada ya miezi mitatu, kabla hajawaomba.

Mtasikia pia juu ya ruzuku kubwa za mfuko wa Rotary. Zipo, na tangu mwaka 2022 hata klabu za Rotaract zinaweza kuziomba, lakini mradi mdogo kabisa wa ruzuku ya kimataifa ni wa dola 30,000, unahitaji klabu mshirika nje ya nchi, na lazima uoneshe kwamba uliiuliza jamii mahitaji yake kabla ya kuandika chochote. Sharti hilo la mwisho nalipenda mno. Laiti lingekuwepo siku ya yule bibi wa Tororo. Kwa sasa fedha hizo ziacheni. Klabu ya vijana ikipata fedha nyingi kabla ya kuzoeana huanza kugombana.

Wana-Rotary wana maswali manne wanayojiuliza, yameandikwa tangu mwaka 1932. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, italeta nia njema na urafiki mwema? Je, itawafaa wote wanaohusika? Mtayasoma kwa sauti kila mkutano. Ushauri wangu ni kuyatumia siku mnayoandika ripoti. Mmesema mmefikia watu 400: ni kweli, au mlihesabu waliopita njiani? Mmempiga picha mzee mlemavu akipokea blanketi: ni haki kwake? Mkiyajibu hayo kwa moyo safi, yale maneno ya mtaani juu ya klabu za picha hayatawahusu.

Sasa mama yako. Anauliza utakula nini huko, na nisingependa umjibu kwa maneno makubwa. Mwambie ukweli: huko hakuna mshahara. Anayejiunga akitafuta posho ataondoka mwezi wa pili, na ni bora aondoke. Usiache meza yako ya nguo siku ya biashara kwa ajili ya klabu. Klabu inayodai hivyo kwa mtu anayekula kwa jasho la siku haijui inaishi wapi. Pangeni saa mbili kila baada ya wiki mbili, na asubuhi moja ya kazi kwa mwezi. Aliyeuguza akosekane bila faini. Asiye na ada alipiwe na mfuko kimya kimya, jina lake lisisomwe.

Utakachopata ni vitu vingine, navyo navitaja kwa kuwa nimeviona. Utajifunza kuongoza mkutano ukaisha kwa wakati. Utaandika barua ofisi ya manispaa ikajibiwa. Utajua kutunza hesabu za watu wengine, na siku utakapotaka kuanzisha chama cha akiba na wenzako wa mtumba, wataona daftari lako na kukuamini. Kijana mmoja wa klabu ya lile darasa la shule ya msingi leo ni fundi wa pampu wa tarafa. Alianza kwa kushika spana siku tulipokwenda kutengeneza kisima, akaomba aoneshwe tena, akaoneshwa. Si kila mtu atapata hivyo. Siwezi kumwahidi mama yako ajira, na wewe usimwahidi.

Ila fanya hivi. Kabla ya kutia sahihi yoyote, waombe wale wa klabu waje mtaani kwenu, si nyinyi mwende hotelini kwao. Wekeni viti chini ya mti mnaokutania. Alikeni mwenyekiti wa LC1, na alika mama yako. Mkalishe mbele, umwache aulize swali lake kwa kinywa chake mwenyewe, nanyi nyote 17 msikilize wanavyomjibu.